Kutoka Kalemie mpaka Kariakoo: historia ya msafiri wa peke yake mwenye pesa kidogo

Mama wa biashara anayetoka Kalemie kwenda Dar es Salaam hutambulikana kwa namna anavyokaa na mkoba wake. Hauweki chini, hamwachii mtu amshikie, hata akiwa amesinzia mkono umeshika kamba. Pesa amezigawa sehemu tatu. Kidogo ziko kwenye mkoba, hizo ni za kuonekana. Nyingine ziko kiunoni chini ya kitenge. Zilizobaki ameshonea mahali ambapo ni yeye tu anapajua.

Pesa zenyewe si zake zote. Nyingi ni za likelemba. Zamu yake ya kupokea imefika, na wenzake wanangoja arudi na mzigo, auze, aendelee kutoa mchango wake kila juma. Akiibiwa Dar es Salaam, au akidanganywa, au akikamatwa kwa sababu ya makaratasi, haanguki peke yake. Ndiyo maana anahesabu kila shilingi ya kulala, ya kula na ya gari. Kinachopungua kwenye chakula kinaongezeka kwenye bidhaa.

Anapovuka ziwa na kushuka Kigoma, anajiona yuko peke yake kabisa. Lakini njia anayoifuata ina zaidi ya miaka mia moja, na watu wa upande wa Kongo wamepita humo vizazi na vizazi, wengine kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa. Reli, chumba cha bei rahisi, gari la abiria, sahani ya wali ya pembeni ya barabara, hata jina la mtaa anaouendea: kila kitu kinachomsaidia maskini kuishi katika mji ule mkubwa kina historia yake. Na mara nyingi historia hiyo ilianza na mtu maskini mwingine ambaye hakupewa kitu.

Walioshuka pwani kwa miguu

Kabla ya reli kulikuwa na misafara. Katika karne ya 19 njia kubwa ilitoka Nyangwe na Kasongo, katika nchi ya Manyema, ikavuka ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, ikapita Tabora, ikafika Bagamoyo, ikikabili Zanzibar. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, nguo na bunduki. Ilipitisha pia watu. Wengine walikuwa watumwa, wengine wapagazi wa mshahara, wengine wafuasi wa wafanyabiashara kama Tippu Tip, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Ndiyo njia iliyoleta Kiswahili mashariki ya Kongo. Kwa hiyo lugha ambayo mama wa Kalemie ataitumia kuomba apunguziwe bei Kariakoo ilifika kwao kwa njia ile ile anayopita leo, kwa upande wa kurudi.

Dar es Salaam yenyewe wakati huo ilikuwa bado changa. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji karibu na kijiji cha Mzizima, akauita bandari ya salama. Alikufa mwaka wa 1870 na kazi ikalala. Wajerumani walipoitwaa nchi, mwaka wa 1891 waliufanya kuwa makao makuu ya koloni lao, mahali pa Bagamoyo.

Mji ulipokua, Wamanyema walikuwa miongoni mwa waliokuja kukaa humo. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa wale walioshushwa na misafara, waliobaki Ujiji, Tabora na Bagamoyo bila njia ya kurudi nyumbani. Walisilimu, wakaoa, wakajenga. Mpaka leo, katika eneo la Kariakoo, kuna msikiti unaoitwa msikiti wa Manyema. Mkongomani anayepita hapo kwa mara ya kwanza hushangaa kulikuta jina la jimbo la nchi yake, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka ziwani.

Reli iliyofupisha safari

Mwaka wa 1905 Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka wa 1907, Tabora mwaka wa 1912, na mwanzoni mwa mwaka wa 1914 ikafika Kigoma. Urefu wake ni kama kilomita 1.250. Safari iliyowachukua wapagazi miezi ikawa ya siku chache.

Kwa reli hiyo ndiyo meli ya ziwani ilipita ikiwa vipande vipande. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye makasha, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi Kigoma, ambako iliungwa tena na kushushwa majini mwaka wa 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka wa 1916 walipokuwa wakikimbia. Waingereza waliitoa majini mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wazee wa pwani zote za ziwa wanalijua jina hilo.

Upande wa Kongo, Wabelgiji nao walikuwa wakiharakisha. Mwaka wa 1915 reli yao kutoka Kabalo ilifika Albertville, mji ambao leo ni Kalemie. Kuanzia hapo ramani ikaunganika: treni mpaka ziwani, meli mpaka Kigoma, treni tena mpaka bahari ya Hindi. Mtu wa Manyema au wa Katanga ya kaskazini aliyekuwa na nauli ya daraja la tatu angeweza, kwa mara ya kwanza, kufika pwani bila kubeba mzigo wa mtu mwingine kichwani.

Daraja la tatu lilikuwa viti vya mbao, msongamano, chakula cha kununua dirishani katika kila stesheni. Wakoloni hawakulitengeneza kwa kumhurumia maskini. Walitaka wafanyakazi wa mashamba na wa bandari wafike. Lakini maskini alilitumia kwa mahitaji yake mwenyewe. Mpaka leo treni ya Kigoma, ya karibu siku mbili au zaidi, inapakia watu wa namna hiyo: mama wa biashara, mwanafunzi, mtu anayekwenda kumwangalia ndugu mgonjwa. Wale wanaokaa siku mbili kiti kimoja huanza kulindiana mizigo kabla ya kufika Tabora, na kwa msafiri wa peke yake, hiyo ni faida ambayo basi la haraka halitoi.

Jina lililotoka kwa wapagazi

Mwaka huo huo reli ilipokamilika, vita vya kwanza vya dunia vilianza. Hapa Kongo imo ndani kabisa. Askari wa Force Publique, yaani jeshi la Kongo ya Wabelgiji, walivuka mashariki, wakateka Kigoma, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi waliobeba risasi, unga na wagonjwa. Walichukuliwa vijijini, mara nyingi kwa nguvu. Njaa, kuhara na uchovu viliua wengi kuliko risasi. Katika vita hivyo vya Afrika ya mashariki, pande zote pamoja, wapagazi waliokufa ni zaidi ya laki moja, na wengi hawakuandikwa popote.

Waingereza nao walikuwa na jeshi lao la wapagazi, lililoitwa Carrier Corps. Walipoingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, waliwaweka wapagazi hao katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelitenga kwa ajili ya makao ya Waafrika. Watu walilitamka jina hilo la Kiingereza kwa kinywa cha Kiswahili. Likawa Kariakoo.

Kwa hiyo soko kubwa kuliko yote ambalo mama wa Kalemie analitafuta lina jina la watu waliobeba mizigo ya wengine. Leo vijana wa mikokoteni wanaopita wakipiga kelele na marobota ya vitenge hawafikirii jambo hilo. Lakini kazi ya mahali pale haijabadilika sana.

Mzigo ulipewa nafasi, mtu hakupewa

Vita vilipokwisha, Waingereza na Wabelgiji waligawana. Ubelgiji ilipata Rwanda na Burundi. Na kwa mapatano ya mwaka wa 1921 ilipewa jambo moja zaidi: sehemu ya bandari ya Dar es Salaam na sehemu nyingine Kigoma, ikodishwe kwa franki moja kwa mwaka, bila mwisho. Mali ya Kongo na ya Rwanda-Urundi ingepita humo bila kulipa ushuru wa forodha. Sehemu hizo zilijulikana kwa jina la Belbase.

Kahawa, pamba na madini vikapata mahali pa kulala Dar es Salaam kwa franki moja. Mwafrika wa Kongo aliyefuata reli ile ile hakupata hata hicho. Hakukuwa na nyumba ya wageni kwa ajili yake. Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika chini ya Nyerere ilikataa wazo kwamba mkoloni anaweza kumkodisha mkoloni mwenzake ardhi ya watu milele. Hata hivyo mambo ya Belbase yaliendelea kwa mipango mbalimbali mpaka katikati ya miaka ya 1990, ndipo mabohari yakarudi mikononi mwa Tanzania.

Swali la mtu alale wapi lilijibiwa na watu wenyewe.

Chumba kimoja katika vyumba sita

Wakoloni waliugawa mji sehemu tatu. Pembeni ya bahari, upande wa mashariki, walikaa Wazungu. Katikati, penye maduka, walikaa Wahindi. Kariakoo ikawa ya Waafrika. Kati ya Kariakoo na mji wa maduka waliacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ili watu wasikaribiane. Leo watu wanapumzika pale chini ya miti, wengi bila kujua kwamba uwanja ulikuwa ukuta usio na matofali.

Kariakoo ilijengwa kwa nyumba za Kiswahili. Mlango wa mbele unafungua ukumbi mrefu wa katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma kuna uwani wa kupikia, kuoga na kufulia. Mwenye nyumba, na mara nyingi alikuwa mwanamke, alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Mgeni alilipia chumba, au nusu ya chumba, au mkeka tu ukumbini. Ndiyo mwanzo wa malazi ya bei rahisi katika mji huo. Gesti nyingi za zamani bado zina umbo hilo hilo: ukumbi, vyumba huku na huku, choo na bafu uani, ndoo ya maji mlangoni.

Katika miaka ya 1950 ofisa mmoja wa serikali ya Waingereza, J.A.K. Leslie, alifanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1963. Kinaonyesha kwamba mgeni mara nyingi hufikia kwa ndugu au kwa mtu wa kabila lake, anakula kwake, analala kwake, mpaka apate kazi. Asiye na mtu ndiye aliyekuwa na taabu. Na serikali haikumpenda. Sheria za miaka ya 1940 ziliwapa wakuu uwezo wa kumtoa mjini Mwafrika asiye na kazi na kumrudisha kwao. Waliitwa wahuni, hata kama kosa lao lilikuwa kufika juzi tu.

Uhuru, muziki na shilingi tano

Uhuru ulibadilisha majina ya barabara. Barabara moja inayopita kando ya Mnazi Mmoja, ambako chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, iliitwa Lumumba, kwa heshima ya waziri mkuu wa kwanza wa Kongo aliyeuawa Januari 1961 Katanga. Ndani ya Kariakoo kuna pia Mtaa wa Kongo, unaojulikana na kila mnunuzi wa nguo. Msafiri wa Kalemie anaweza kutembea kwa miguu kutoka Lumumba mpaka Kongo kwa dakika chache bila kuuliza njia.

Miaka hiyo Dar es Salaam ilipokea wakimbizi wa siasa kutoka nchi nyingi. Ernesto Che Guevara alipita hapo mwaka wa 1965 akielekea Kigoma na kisha milima ya upande wa Fizi. Laurent-Désiré Kabila aliishi Dar es Salaam miaka mingi kabla ya kuingia Kinshasa mwaka wa 1997.

Lakini Wakongomani waliouzoeza mji huo na sauti ya Kongo walikuwa wanamuziki. Ndala Kasheba alifika mwishoni mwa miaka ya 1960. Orchestra Maquis Original ilikuja katika miaka ya 1970. Ramadhani Mtoro Ongala, yaani Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka wa 1947, alifika mwaka wa 1978 kuungana na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Baadaye alijulikana zaidi na Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili juu ya wanyonge, ubaguzi, kifo na ugonjwa, na watu wa mji wakamwita Daktari. Alikufa Desemba 2010. Mpaka leo konda wa gari anayekwenda Sinza huita kituo kwa jina lake: Sinza kwa Remmy. Mgeni aliyekuja na gitaa na lafudhi ya Manyema ameacha jina kwenye ramani ya mji.

Mwaka wa 1983 yalitokea mambo mawili kwa pamoja, na yote yanamhusu mtu mwenye pesa kidogo. La kwanza, serikali ilitoa sheria ya nguvukazi. Watu wasio na kazi inayotambuliwa walikamatwa mitaani Dar es Salaam ili wapelekwe vijijini na mashambani. Wachuuzi wadogo walikimbia na beseni zao. Ilikuwa kana kwamba sheria ile ya mkoloni imerudi kwa mavazi mapya.

La pili, serikali hiyo hiyo iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, kwa sababu mabasi ya shirika la mji, UDA, yalikuwa yameharibika na hayatoshi. Nauli ilikuwa shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala, na makonda wakaita abiria kwa kupaza sauti: dala! dala! Jina likabaki, daladala, hata baada ya sarafu hiyo kukosa maana.

Ni wakati huo wa ukame wa mishahara ndipo mama ntilie walipoongezeka. Mshahara wa mume haukufika tarehe kumi, mama akatoa sufuria nje. Benchi, meza ya mbao, wali na maharage, ugali na dagaa. Jina lenyewe linatokana na sauti ya mteja anayesukuma sahani: mama, nitilie. Mji ulipokosa kuwalisha wafanyakazi wake, wanawake waliwalisha, na wageni wakala hapo hapo.

Mama wa Kalemie anafika

Sasa arudi yule mama na mkoba wake. Mji anaoukuta si ule wa shilingi tano. Mwaka wa 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu kama 272.000. Hesabu ya mwaka wa 2022 ilipata zaidi ya milioni 5. Mabasi ya mikoani hayaishii tena Ubungo, yanaishia Mbezi, mbali na katikati. Tangu 2016 kuna mabasi ya mwendokasi yenye barabara yao, yanayoshuka kutoka Kimara hadi Kivukoni na Gerezani, na Gerezani ni mlango wa Kariakoo. Reli mpya ya umeme imefika Dodoma tangu 2024, lakini Kigoma bado inategemea ile ya zamani.

Mambo ya kwanza anayojifunza ni maneno. Kiswahili anakijua tangu utoto, lakini cha Dar kina kona zake. Ndagala hapo ni dagaa. Sombe ni kisamvu. Lengalenga ni mchicha. Shilingi mia tano ni jero, elfu moja ni buku, na noti nyekundu ya elfu kumi huitwa msimbazi, kwa rangi ya timu ya Simba yenye makao yake mtaa wa Msimbazi. Akifungua kinywa, mwenye duka anajua mara moja ametoka wapi. Kuna anayecheka, kuna anayepandisha bei, na kuna anayesema bibi yake alitoka Ujiji na kumpa kiti. Wale wanaosafiri mara nyingi hufanya hivi: siku ya kwanza hawanunui kitu. Wanazunguka, wanauliza bei maduka matano, wanasikiliza wengine wanavyotaja pesa. Siku ya pili ndiyo wanatoa.

Gesti anaitafuta kabla ya jua kuzama, na anaomba aone chumba kwanza: kufuli inafunga, dirisha lina nondo, neti haijatoboka. Mapokezi wanamfungulia kitabu cha wageni. Jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. Anajaza yote. Mama anayesafiri peke yake anajua pia kwamba gesti nyingine hupangishwa kwa saa, na kelele zake hazimwachi mtu alale. Kwa hiyo wanawake wa Kalemie na Uvira huelekezana kwa majina, mmoja kwa mwingine, gesti ambayo mwenye nyumba ni mtu mzima na mlango unafungwa saa nne usiku. Orodha hiyo haijaandikwa popote. Inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na ndugu wa kabila.

Kula si shida. Asubuhi chai na chapati au muhogo, mchana sahani moja kwa mama ntilie, jioni kikombe kidogo cha kahawa kwa wazee wa barazani. Akitaka kuiona bahari bila gharama, anatembea mpaka Kivukoni, anasimama karibu na soko la samaki la Magogoni na kutazama pantoni ikivuka kwenda Kigamboni. Wengine hupanda tu kuvuka na kurudi. Nauli ya mtembea kwa miguu kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 200.

Wapi hatari ilipo

Wezi wapo, na wapiga debe wanaonyakua mizigo ya mgeni stendi wapo. Lakini waliozoea njia hii wanajua kwamba mtu wa peke yake hupoteza zaidi kwa mambo matatu mengine.

Kwanza, makaratasi. Pasipoti au hati ya safari, muhuri wa uhamiaji wa kuingilia, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu miaka ya 1990 mashariki ya Kongo imetoa wakimbizi wengi, na kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka wa 1996. Sheria ya Tanzania inamtaka mkimbizi akae kambini. Kwa hiyo Mkongomani asiye na muhuri akikutwa Dar es Salaam ana maelezo mengi ya kutoa, hata kama amekuja kununua vyombo tu. Waliopita njia ya panya ili kuokoa pesa wamejikuta wakitumia mara nyingi zaidi ya pesa hizo.

Pili, sheria za biashara. Kongo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Machi 2022, na wengi walidhani mipaka imekwisha. Haijakwisha. Mwaka wa 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wageni kufanya biashara ndogo ndogo kadhaa. Kuja kununua ni jambo moja. Kupanga meza na kuuza rejareja ni jambo jingine. Mwaka huo huo zilitoka kanuni zinazotaka malipo ya ndani yafanyike kwa shilingi. Dola za likelemba zibadilishwe kwenye duka lenye kibali, risiti itunzwe, isibadilishwe uchochoroni na kijana mwenye tabasamu.

Tatu, dalali wa mzigo. Bidhaa zikishanunuliwa zinahitaji kusafirishwa mpaka Kigoma na kuvuka ziwa. Hapo ndipo wengi hukabidhi kila kitu kwa mtu mmoja kwa sababu anasema Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi na anaita kila mama dada. Wenye uzoefu huhesabu marobota mbele ya macho, huandika alama yao kwa rangi, na hawalipi yote mpaka mzigo upokelewe Kigoma.

Kurudi

Siku ya kuondoka, mama wa Kalemie anamaliza hesabu yake kitandani. Malazi ya siku nne, chakula, gari, mizigo. Kilichobaki ni marobota yake na nauli ya kurudi. Kama hesabu imekaa vizuri, wenzake wa likelemba watapata zamu zao, na mwingine atakuja baada yake na majina yale yale ya gesti na ya mama ntilie.

Anapita Mnazi Mmoja akiwa na kijana wa mkokoteni mbele yake. Kijana anasukuma, yeye anafuata kwa macho kila robota. Mwaka wa 1916, hapo karibu, wapagazi walilala kambini wakingoja mizigo ya vita. Yeye mzigo wake ni wa kwake, na anajua ni kwa nani anaupeleka.